Mchanga wa ufukweni na mchanga wa mto: je, asili yake hubadilisha matumizi?

Muulizaji, Kigamboni
Salamu kwenu wataalamu. Ninajenga nyumba ya kuishi, na fundi wangu anasisitiza ninunue mchanga wa mto, ilhali ufuo wenye mchanga mweupe uko jirani na kiwanja. Je, tofauti hiyo ni ya kweli, au ni mazoea tu?

Mwalimu wa jiolojia
Ndugu, fundi wako yuko sahihi. Neno mchanga hueleza ukubwa wa punje, takriban milimita 0.06 hadi 2, bila kujali zimetokana na nini. Mchanga wa mito ya bara hutokana na miamba ya kale kama granaiti: miamba hiyo inapochakaa kwa mvua na jua, madini ya felspa hugeuka kuwa mfinyanzi, lakini kwatzi, ambayo ni ngumu na haiyeyuki kwa urahisi, husombwa na mafuriko ikiwa bado na kona zinazoshikana vizuri ndani ya zege. Mchanga mweupe wa pwani yetu, hasa penye miamba ya matumbawe, huwa na vipande vingi vya matumbawe na makombe vilivyochanganyika na kwatzi. Wa jangwani umeviringwa na upepo hadi ukawa laini, na kwa hiyo haufai sana kwa zege ingawa ni mwingi mno.

Fundi mwashi
Nami niongeze kuhusu chumvi, kwa kuwa ndiyo hatari kubwa. Chumvi ya baharini huharakisha kutu ya nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuka kutoka ndani, na mara nyingi mwenye nyumba huligundua hilo baada ya miaka. Hata mchanga wa mto upimwe kiasi cha tope kabla ya kupokea lori: tia kiasi kwenye chupa ya kioo pamoja na maji yenye chumvi kidogo, tikisa, kisha uache utulie kwa saa tatu. Tope linalokaa juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshwe au ukataliwe. Kwa plasta, uchekeche kwanza.

Mchangiaji kutoka Kwale
Huku kwetu, pwani ya Kenya, mchanga ulichimbwa kwa sababu nyingine kabisa. Kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilitenga humo ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini mazito yanayotumika katika rangi nyeupe na vigae. Kule Ukambani nako, mchanga wa mito ya msimu huhifadhi maji chini yake wakati wa kiangazi, na watu hufukua visima humo. Ukizolewa wote kwa malori, maji nayo hutoweka. Naona ni haki kulisema hili kabla ya kumshauri mtu anunue tripu nyingine.

Mwalimu wa jiolojia
Hoja hiyo inawahusu pia wakazi wa Dar es Salaam. Mito ndiyo huleta mchanga unaojaza fukwe, na mmomonyoko wa Kunduchi umehusishwa, pamoja na sababu nyingine, na uchimbaji wa mchanga katika mito ya eneo hilo. Kwa hiyo, ndugu muulizaji, nunua kwa mwenye kibali cha kuchimba, na pale mhandisi anapokubali, sehemu ya mchanga katika zege iwe vumbi la mawe kutoka kwenye machimbo ya kokoto.