Tupeane uzoefu: Gari inaenda sawa ila usukani umepinda, wewe ulifanyaje?

Kibamba2 (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu. Jambo hili limenitesa miezi minne sasa, na kila fundi ninayemuuliza ana lake. Nikaona tukusanye yaliyotukuta, maana najua siko peke yangu.

Gari yangu ni Toyota IST. Usiku mmoja wa mvua natoka Mbezi kwenda Kibamba, tairi la mbele kushoto likazama kwenye shimo lililojaa maji. Mlio wake sijausahau. Rimu ilipinda ukingo, kesho yake nikaigongesha ikanyooka, nikajua yameisha. Kufika Barabara ya Morogoro pale palipo bapa na pamenyooka, naona nembo ya katikati ya usukani haiko saa sita, inaelekea saa saba. Gari haivuti kushoto wala kulia. Ukiuachia usukani inaenda zake, lakini usukani umelala hivyo hivyo.

Nikaingia gereji moja mtaani. Fundi akasema ni kazi ya dakika kumi: akavua usukani, akauzungusha kidogo, akaupachika tena. Sikujua, nikamruhusu. Usukani ukakaribia kunyooka, si sawasawa, kwa sababu jino moja la splaini (yale meno ya shina la usukani) ni digrii kadhaa na huwezi kuupachika katikati ya jino na jino. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ikawaka na haijazima hadi leo. Indiketa ikaanza kujizima kabla sijamaliza kona. Na baya zaidi, tairi zote mbili za mbele zimeendelea kuliwa upande wa ndani. Juzi nimepitisha kidole nikagusa nyuzi.

Naomba kwa aliyepitia hili atuambie lilikuwa nini na lilitibiwaje. Visa vyenu, si vya kusikia.

MamaNoah_Dom

Pole sana kaka. Langu lilikuwa tofauti kidogo. Nilibadilisha tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) zote mbili za Noah, nikaenda kufanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kwenye mashine ya kamera. Karatasi niliyopewa ilikuwa kijani tupu, vipimo vyote ndani ya kiwango. Natoka getini usukani umelala kushoto.

Nikarudi. Yule kijana akanionyesha karatasi: "Mama, gari yako iko sawa." Nikamwambia karatasi siendeshi mimi, naendesha gari. Bahati nzuri msimamizi wao alikuwa mtu mzima anayeijua kazi. Akaeleza mbele yangu kwamba matairi mawili ya mbele yanaweza kutazamana vizuri kabisa huku usukani umekaa vibaya, kwa sababu mashine inapima jumla ya matairi yote mawili pia. Kijana alikuwa ameona jumla haijakaa, akazungusha tairodi ya upande mmoja tu mpaka rangi ikawa kijani. Tairi moja likabeba kosa lote, na ukiendesha yanagawana, usukani unaenda upande.

Wakairudisha kwenye lifti. Safari hii waliwasha injini, wakauzungusha usukani kulia na kushoto, wakauacha katikati, kisha wakaufunga kwa kile chuma kinachobanwa kati ya usukani na kiti usitikisike. Ndipo wakarekebisha kushoto na kulia, kila upande kwa kipimo chake. Hawakunilipisha mara ya pili. Tangu siku hiyo nikifika popote naangalia kwanza kama chuma hicho kipo. Nisipokiona nauliza.

Rimu14

Mkuu angalia usichanganye na mtetemo. Mimi nilifanya alaimenti mara mbili kwa sababu usukani ulikuwa unatetemeka kuanzia spidi 80. Ilikuwa balansi tu, vyuma vidogo vya kwenye rimu vilidondoka. Kutetemeka ni jambo jingine, kupinda ni jambo jingine.

DerevaWaMahenge

Heshima kwenu wote. Mimi naendesha Hilux ya kazi, njia zangu ni Ifakara, Mahenge na vijiji vya huko ndani. Nawaletea kisa hiki kwa sababu kila mtu anaangalia mbele, na kosa langu lilikuwa nyuma.

Usukani ulianza kulala kulia taratibu. Nikabadilisha boljointi (viungo vinavyoliwezesha gurudumu kugeuka), nikabadilisha tairodi, nikafanya alaimenti. Wiki mbili umelala tena. Nikafanya ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nikaanza kugombana na mafundi wa watu, na hawakuwa na kosa.

Siku moja tuko msafara wa magari mawili, nyuma yangu anakuja mzee mmoja aliyeendesha malori maisha yake yote. Tuliposimama kula akaniambia: "Kijana, gari yako haiendi mbele, inaenda ubavu. Nikiwa nyuma yako naona tairi zako za mbele hazifuatwi na za nyuma." Tukanyoosha usukani, akachukua kamba, akapima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kushoto, kisha kulia. Upande mmoja ulizidi mwingine kwa karibu sentimita mbili.

Tukaingia chini. Senta bolti ya springi imekatika. Kwa wasiojua, ni ile bolti inayopita katikati ya majani ya springi, kichwa chake kinakaa kwenye tundu la ekseli ili isisogee. Ikikatika, zinabaki yubolti (bolti za umbo la U) peke yake zikishikilia, na ukibeba mzigo kwenye makorongo ekseli inasogea kidogo kidogo. Ekseli ya nyuma ikikaa mshazari inausukuma mkia wa gari pembeni, na wewe mbele unalazimika kushikilia usukani umepinda ili uende moja kwa moja. Ndiyo maana kila walipoinyoosha mbele, nyuma ikazidi kuhama na usukani ukarudi kule kule.

Senta bolti mpya, yubolti mpya, alaimenti moja. Imeisha. Kwa gari ndogo kama ya mwanzisha uzi hakuna springi za majani, lakini bushi (mipira) za ekseli ya nyuma zikichanika zinaleta ugonjwa uleule. Mwambie fundi apime magurudumu yote manne, asiishie mbele.

BinPwani_Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nataka kutenganisha mambo mawili: usukani kupinda, na gari kuvuta. Nilipokuwa Unguja gari langu likienda kushoto kidogo nikiuachia usukani, nikadhani bovu. Nilipohamia Oman, gari jingine kabisa, likawa linaenda kulia. Fundi wa hapa ndiye aliyenifahamisha kuwa barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni. Huko kwetu tunapita kushoto, huku tunapita kulia, basi gari huteremkia upande wa mteremko. Kidogo ni kawaida. Tafuta mahali bapa, kama uwanja mkubwa wa maegesho, ujaribu pale.

Likivuta kwa nguvu hapo ndipo utafute. La kwangu la huku hatimaye lilivuta kweli, tukabadilishana matairi ya mbele, la kulia kushoto na la kushoto kulia. Likaanza kuvuta upande wa pili. Basi ni tairi, wala halikuhitaji alaimenti. Kama lingebaki upande uleule tungeangalia breki inayong'ang'ania.

Probox_Likoni

Mimi wa Mombasa. Niliifanya mwenyewe nyumbani kwenye Probox na nimeendesha mwaka mzima, matairi yanalika sawasawa. Lakini someni vizuri, msikimbilie spana.

Kwanza nilitikisa kila kitu: tairodi, boljointi, beringi za magurudumu. Kikicheza chochote, acha, tengeneza hicho kwanza. Upepo nikajaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Kisha mimi na ndugu yangu tukapima kwa futi umbali kati ya mifereji ya tairi hili na lile, upande wa mbele wa matairi, halafu upande wa nyuma, kimo kilekile. Tofauti ilikuwa milimita moja tu. Maana yake yanatazamana vizuri, shida ni usukani peke yake. Kama ningekuta tofauti kubwa ningepeleka kwa mashine.

Usukani wangu ulilala kushoto. Nikapiga alama za chaki kwenye tairodi zote, nikalegeza loknati (nati za kufungia tairodi), nikafupisha ya kushoto robo mzunguko na kurefusha ya kulia robo mzunguko ileile. Umbali kati ya matairi haubadiliki, usukani ndio unaorudi. Nikakaza, nikaendesha hadi mwisho wa barabara na kurudi, nikaongeza robo nyingine. Ukakaa pale pale panapotakiwa. Hii ni kwa gari ambalo tairodi ziko nyuma ya kitovu cha tairi. Zikiwa mbele, geuza. Na kabla ya kukaza loknati hakikisha kile kiungo cha mwisho wa tairodi hakijajipinda.

Mwanzisha uzi, wewe usifanye hivi. Matairi yako yanaliwa ndani yote mawili, kwa hiyo yanatazama nje. Halafu ulipiga shimo. Kuna kitu kimepinda hapo.

FundiSpana

Naunga mkono. Mkuu, ingia chini ulinganishe tairodi ya kushoto na ya kulia kwa macho, ukianzia kwenye buti la mpira lenye mikunjo kwenye reki (chuma cha usukani kinachosukuma tairodi). Tairodi ikipinda inakuwa fupi, tairi linatazama nje, usukani unalala kulia. Maelezo yako yanafanana na hilo kabisa.

Kuhusu eabegi: aliyevua usukani alitakiwa atoe waya wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringisha, ukipachika vibaya unaweza kukatika ukiukata usukani hadi mwisho. Mtafute mwenye mashine ya kusoma makosa haraka. Usikae na taa hiyo. Na wenye magari mapya yenye mfumo wa kuzuia kuteleza, ukimaliza alaimenti omba sensa ya usukani ipangwe upya, la sivyo taa itawaka.

Kibamba2

Wakuu, nimerudi na majibu. Jumamosi nimeenda kwa fundi mwingine, nikamwonyesha uzi huu kwenye simu, akasoma wote kabla hajagusa gari. Tairodi ya ndani ya kushoto imepinda. Ikiwa kwenye gari ilikuwa haionekani vizuri, lakini alipoifungua akaibingirisha juu ya kioo ikawa inarukaruka kama mguu wa meza mbovu.

Tumefunga mpya. Usukani ameuvua, safari hii betri imetolewa waya, akaurudisha kwenye alama yake ya kiwandani. Utepe wa waya ulikuwa umevutwa lakini haujakatika, akauweka katikati upya, akafuta kosa, taa ya eabegi imezima. Halafu alaimenti ya magurudumu manne. MamaNoah, kile chuma nilikiulizia, kilikuwepo. Bushi za nyuma nazo alizikagua, ni nzima.

Tairi mbili za mbele nimenunua mpya, zile za zamani hazifai tena. Jana nimeenda Chalinze na kurudi na familia. Nembo ipo saa sita.