Ushauri: kutumia makaratasi ya Duke Ellington kuandaa noti za bendi

Baragumu (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuandaa noti za "Concerto for Cootie" ya Duke Ellington, yule kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani, kwa bendi ya watu 12: tarumbeta 3, tromboni 2, saksafoni 4, piano, besi na dramu. Kunakili kwa sikio kutoka kwenye sahani ya santuri hakunitoshi, nataka kuanzia kwenye makaratasi yake. Yapo wapi, yanaombwaje, na yakipingana na rekodi nifuate kipi?

Mtunza_Folda
Mkuu, yapo Washington, kwenye kituo cha nyaraka cha Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, chini ya Smithsonian. Yalichukuliwa mwaka 1988 kutoka kwa mwanawe, Mercer Ellington. Ni takribani futi za ujazo 400: noti za mkono, mikataba na hesabu za bendi, programu za maonyesho, picha, vitabu vya vipande vya magazeti.

Usiwaandikie kwamba unataka "nyimbo za Ellington". Fungua orodha ya mkusanyiko mtandaoni, ingia sehemu ya noti, nakili namba ya boksi na ya folda, ndipo utume barua pepe. Tena tafuta kwa kila jina. Wimbo huo ulirekodiwa Machi 15, 1940 bila maneno, baadaye ukatiwa maneno na kuitwa "Do Nothin' Till You Hear from Me". Karatasi unayoitaka inaweza kulala chini ya jina lolote kati ya hayo, au chini ya jina la muda la mazoezini.

Ukikuta mwandiko usioufahamu, fikiria Billy Strayhorn, mtunzi mwenzake aliyeingia mwaka 1939. Kazi zake nyingi zimo humohumo ndani ya makaratasi ya Ellington, na mkusanyiko wake mwenyewe upo Maktaba ya Bunge la Marekani, mji uleule, tangu 2018.

SautiYaPili
Hapo kwenye kupingana ndipo watu wengi wanapotea. Ellington hakuwa akiandika ukurasa mkubwa wenye mstari wa kila chombo. Aliandika kwa ufupi, sauti kadhaa zimebanwa kwenye mistari michache, kwa sauti halisi (noti inavyosikika kwenye piano), na pembeni jina la mpigaji badala ya jina la chombo. Mnakili ndiye aliyetoa karatasi ya kila mtu. Miaka ile kazi hiyo ilikuwa ya Juan Tizol, mpiga tromboni wa bendi, na baadaye Tom Whaley. Kisha mazoezini mambo yalibadilishwa kwa mdomo: rudia hapa, kata pale, wewe ingia mwanzoni. Mengi ya hayo hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo muswada wa Ellington uupe uzito kwenye sauti zilizopangwa pamoja, kwa sababu sikio hukosea sana noti za katikati. Karatasi za wapigaji zikuonyeshe masahihisho. Mpangilio wa vipande, yaani nini kinatangulia na kinarudiwa mara ngapi, uchukue kwenye rekodi. Piano na dramu usitegemee kuvikuta vimeandikwa kikamilifu, maana Ellington mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye piano na Sonny Greer alipiga kwa kusikiliza.

Unapohamisha kutoka sauti halisi: tarumbeta panda toni moja, saksafoni ya alto panda sita kubwa (nusu toni 9), saksafoni ya tena panda oktavu na toni moja, saksafoni ya baritoni panda oktavu na sita kubwa. Kosa la kawaida ni kuihamisha mara ya pili karatasi ya mpigaji ambayo mnakili alishaihamisha. Linganisha alama za ufunguo kwanza. Wimbo huu upo F na sehemu ya kati inaingia D-flati. Alto akiwa kwenye D na kisha B-flati, karatasi imeshahamishwa.

Na tarumbeta ya Cootie Williams ni rangi kabla haijawa noti. Mwanzo ameziba, baadaye analia kwa kofia ya mpira, ile ya kuzibulia sinki, na kwenye D-flati anafungua kabisa. Andika mabadiliko hayo juu ya kila sehemu.

Baragumu
Asante sana wakuu. Nikipewa seti mbili zisizo na tarehe, nitajuaje ipi ni ya 1940?

Mtunza_Folda
Soma majina ya wapigaji kichwani mwa karatasi. Cootie aliondoka Novemba 1940 na kurudi 1962. Ben Webster, mpiga saksafoni ya tena, aliingia mwanzoni mwa 1940 akaondoka 1943, Barney Bigard akaacha 1942. Jina la Jimmy Hamilton linakupeleka 1943 au baadaye, Russell Procope 1946 kwenda mbele, Paul Gonsalves 1950 kwenda mbele. Johnny Hodges peke yake hakusaidii, maana alikuwepo 1928 hadi 1951, akarudi 1955 hadi alipofariki 1970.

Kumbuka pia Smithsonian kumiliki karatasi si kumiliki wimbo. Nakala ya kusomea ni jambo moja, kupiga hadharani na kuchapisha ni kibali kingine kutoka kwa wenye hakimiliki. Kazi iliyochapishwa Marekani miaka ile na hakimiliki yake ikahuishwa hulindwa miaka 95, kwa hiyo hii bado inalindwa.

SautiYaPili
Kuhusu saksafoni 4: bendi ya 1940 ilikuwa na matete 5 (wapigaji wa saksafoni na klarineti), lakini Webster alipoingia nyimbo nyingi za zamani hazikuwa na karatasi yake, akalazimika kujitafutia noti ambayo hakuna mwingine anayeipiga. Kwa hiyo angalia kila akodi (noti zinazolia pamoja), sauti ya saksafoni ya tena inayorudia ya mwenzake ndiyo ya kuacha. Baritoni ya Harry Carney usiiguse. Ellington alipenda kumpa noti isiyo mzizi (noti ya msingi) wa akodi, na ukiirudisha kwenye mzizi ili "ikae vizuri zaidi", sauti yote ya bendi inabadilika. Sauti ya tromboni ya tatu, ambayo wewe huna, mpe tarumbeta ya tatu pale tu inapofika juu ya C ya kati. Chini ya hapo mpe saksafoni ya tena.