"Disinterested": asiye na maslahi au asiye na hamu?

Mleta mada
Wadau, tulijadili neno hili la Kiingereza, maana linaponyoka mikononi mwetu. Siku hizi ukikutana na "disinterested", mara nyingi mwandishi anakusudia mtu asiyevutiwa na jambo. Maana hiyo ina neno lake tayari, "uninterested". Msimamo wangu: "disinterested" ni mtu asiye na maslahi katika jambo linaloamuliwa. Likienda huku hapati kitu, likienda kule hapotezi kitu. Anaweza hata kuwa na hamu kubwa ya kulisikiliza.

Utata unaanzia kwenye "interest", neno linalobeba hamu, maslahi na hata riba ya mkopo. Ndiyo maana kile kiambishi cha mwanzo, "dis-" au "un-", kina kazi kubwa ya kututenganishia maana. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, historia haikuungi mkono. Mshairi John Donne aliliandika kwa maana ya kutojali mwanzoni mwa karne ya 17. Na karne hiyohiyo "uninterested" ndilo lililotumika kwa mtu asiyependelea upande. Maana ya kutovutiwa ikafuata karne ya 18. Yamebadilishana nafasi, na yanaweza kubadilishana tena.

Halafu nani ataamua? Wafaransa wana Académie française, chombo rasmi cha kusimamia lugha yao, tangu 1635. Mwandishi Jonathan Swift alipendekeza chombo kama hicho kwa Kiingereza mwaka 1712, hakikuundwa. Mwenye kauli ni mtumiaji, na kamusi ya Merriam-Webster imeorodhesha maana zote mbili.

Mchangiaji wa pili
Kuorodhesha si kuidhinisha. Toleo kubwa la Merriam-Webster la 1961 lilishambuliwa vikali kwa sababu hiyo: lilirekodi watu wanavyosema, maonyo likayaweka machache. Mwaka 1969 ikatoka kamusi ya American Heritage ikiwa na jopo la waandishi na wasomi wa kuulizwa maoni kuhusu maneno yenye utata. Wengi wa jopo hilo walilikataa "disinterested" la kutovutiwa. Hiyo si sheria, lakini ukiliandika hivyo kwenye barua ya maombi ya kazi, kuna msomaji atakayekuhesabia kosa.

Mleta mada
Kuhusu Donne nakubali, ndugu. Ila sidai kwamba maana yangu ndiyo kongwe. Nadai kwamba inahitajika.

Chukua wosia. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya 1837 inataka mashahidi wawili, na inasema shahidi aliyeachiwa mali katika wosia huohuo, au ambaye mwenzi wake wa ndoa ameachiwa, mali hiyo haipati. Wosia wenyewe unabaki halali. Sheria inamtaka shahidi asiye na chake mle ndani, na kwa Kiingereza huyo ndiye "disinterested witness". Msomaji akishazoea kwamba neno hili ni la mtu aliyechoshwa na mambo, atamwelewaje shahidi huyo?

Mchangiaji wa tatu
Si waandike tu "impartial" tuondokane na ugomvi?

Mleta mada
Hapana, na hapa ndipo penye uzito wa mjadala wote. "Impartial" ni sifa ya mwenendo: mtu anapima pande zote kwa haki. "Disinterested" ni habari ya mahali aliposimama: hana anachovuna. Mama anaweza kuamua ugomvi wa wanawe bila upendeleo hata kidogo, ilhali matokeo yanamgusa mpaka moyoni. Na mtu wa mbali asiyepata hata senti anaweza kumhukumu mtuhumiwa kwa chuki tupu. Wa kwanza ni "impartial" lakini si "disinterested"; wa pili ni kinyume chake. Tena maslahi yanaweza kuchunguzwa kwa nyaraka: nani mrithi, nani ana hisa. Uadilifu wa moyo hauna hati. Ndiyo maana sheria zinauliza kwanza kuhusu maslahi. Neno hili likipotea, swali lile litabaki bila jina fupi.

Mchangiaji wa kwanza
Mfano wa mama umenigusa. Hata hivyo sentensi yenyewe hutenganisha: likifuatwa na "in", ni kutovutiwa, likitangulia nomino kama "witness" au "party", ni kutokuwa na maslahi. Nani amewahi kupotea hapo?

Mleta mada
Kwenye "in" sina ubishi, maana yake huwa wazi hata kama matumizi hayo siyapendi. Lakini kanuni yako ya nomino ijaribu kwa "a disinterested judge" katika habari ya kesi. Mwandishi anamsifu hakimu au anamlaumu? Kwa mujibu wako anamsifu. Kwa mujibu wa kamusi uliyoitaja, yote mawili yanawezekana, na jina la hakimu limo kwenye habari hiyo.

Walimu mliomo humu, mwanafunzi akiandika "disinterested in" mnampa alama au mnamkata?