Kipimo cha seli za saratani kwenye damu: nipime au niache?

Mama Shani, Tanga
Habari za jioni wanajukwaa. Mwaka jana nilitolewa titi la kushoto, nikamaliza kemo na mionzi Ocean Road, sasa niko kwenye vidonge vya tamoxifen vya kuzuia saratani isirudi. Kaka yangu anayeishi Ujerumani kanishikilia nikapimwe damu, ati kuna seli za saratani zinatoroka titini zinazurura mwilini. Kulipa atalipa yeye, lakini ni hela ya kununua cherehani mbili! Je, zikionekana ndiyo ugonjwa umesharudi? Na nitafanywa nini?

Mpenda Asili
Pole mama. Chemsha majani ya mstafeli, kunywa kutwa mara mbili. Hazikai.

Fundi Damu
Shikamoo mama. Mstafeli haujathibitishwa kuondoa seli za saratani, kwa hiyo vidonge usiviache.

Kaka yako hajadanganya. Ashworth, daktari wa kule Australia, aliziona seli hizo kwenye damu ya marehemu tangu 1869. Taabu ni uchache wake. Tunachukua mililita 7.5 za damu, zenye mabilioni ya seli nyekundu, tunatafuta seli mbili tatu. Mashine hutumia vichembe vya chuma vilivyopakwa kingamwili, yaani protini inayoshika alama iliyo juu ya seli ya saratani. Vikishaing'ang'ania seli, sumaku inaivuta. Seli iliyopoteza alama yake inapita hivihivi, kwa hiyo sifuri nayo si cheti cha kupona.

Utafiti uliovuma wa 2004 ulihusu wagonjwa 177 ambao saratani ilikuwa imeshasambaa. Waliokuwa na seli 5 au zaidi waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Hilo si kundi lako, usilale nalo. Wanaokukaribia ni wagonjwa 2,026 wa Ujerumani, waliopimwa baada ya upasuaji, kabla ya kemo. Kama mmoja kati ya watano alikutwa nazo. Hatari yao ilikuwa kubwa zaidi, ndiyo, lakini hata hao wengi wao miaka mitatu ilipita ugonjwa haujarudi.

Swali lako la pili ndilo zito. Marekani walijaribu, matokeo yakatoka 2014: wagonjwa wa saratani iliyosambaa, ambao seli zao hazikupungua baada ya dozi ya kwanza ya kemo, wakabadilishiwa dawa mapema. Hawakuishi zaidi ya walioachwa na dawa ileile. Kipimo kinatabiri, ila hakijatuonyesha tufanye nini na utabiri wenyewe. Ndiyo maana hakipimwi kwa kila mgonjwa.

Mama Shani, Tanga
Marahaba mwanangu. Kwa hiyo nikikutwa nayo moja, naendelea na tamoxifen ileile, na usingizi sina?

Fundi Damu
Hivyo hivyo mama. Mwambie kaka hiyo hela iwe nauli ya kliniki na mamografia (picha ya eksirei) ya titi la kulia kila mwaka. Na mfupa ukiuma mfululizo, au ukikohoa bila kupona, au ukiona kivimbe kwenye kovu, nenda kesho yake, usingoje tarehe ya kadi.