Makapi ya mpunga kwenye plastiki: ubao una vitundu na unakatika

Swali

Habari zenu wakuu. Natengeneza mbao za polipropilini (aina ya plastiki) na makapi ya mpunga yaliyosagwa, makapi asilimia 40 kwa uzito. Kwa nje ubao unapendeza. Nikiupasua kwa msumeno, ndani ni vitundu kama sifongo, na nikiupinda kidogo unakatika pa! Nimetazama pale ulipokatikia kwa lenzi: punje za makapi zimechomoka nzimanzima zikaacha vishimo visafi, hakuna hata unyuzi wa plastiki uliozing'ang'ania. Makapi nayaanika juani siku mbili. Joto la mashine ni nyuzi 215. Nakosea wapi?

Jibu

Vitundu ni mvuke, ndugu yangu. Jua halikaushi makapi kiasi cha kutosha kwa kazi hii. Yatie kwenye tanuri nyuzi 105, uyapime kwa mizani kila baada ya muda mpaka uzito ugome kushuka. Mkono utakudanganya, mizani haidanganyi. Yakitoka yaende mashineni yakingali ya moto, maana yakilala wazi usiku mmoja yanafyonza unyevu upya.

Halafu 215 ni kuyachoma. Karibu na 200 makapi yanaanza kuungua, ubao unakuwa wa kahawia iliyokolea na kunuka moshi. Polipropilini inayeyuka kwenye 165 hivi, kwa hiyo 180 hadi 190 inatosha kabisa.

Jibu

Naongezea kuhusu vishimo visafi, hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Makapi yanapenda maji, polipropilini inayakataa, kwa hiyo vimekaa pamoja bila kushikana. Tafuta kiunganishi, yaani polipropilini iliyopandikizwa kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki, weka asilimia 3 hadi 5. Upande mmoja inashika makapi, mkia wake unajisokota ndani ya plastiki. Pia kagua skrubu ya mashine yako, ile inayosukuma na kuchanganya plastiki, mara kwa mara: makapi yana silika nyingi (madini kama ya mchanga), yanakwangua chuma kama msasa.

Muuliza swali

Nimerudi. Gramu 2,000 nilizokwisha kuanika zimetoka tanurini gramu 1,820. Gramu 180 za maji nilikuwa nazipika ndani ya ubao! Nimeshusha joto hadi 185, na leo msumeno umepita kwenye ubao mzito, bila kitundu. Bado unakatika upesi na vishimo viko vilevile. Kiunganishi nimekiagiza, kikifika nitaanza na asilimia 3 na kuleta picha ya lenzi hapa.