Watu wanne, akaunti moja ya root: nianzie wapi kuwatenganisha?

Fundi wa Mbale:
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninasimamia programu ya wavuti ya chama cha akiba na mikopo, inayohifadhi taarifa za wanachama katika hifadhidata ya MySQL 8.0. Aliyenitangulia aliiacha programu ikiingia kwenye hifadhidata kwa akaunti ya root, yaani ile kuu yenye ruhusa zote, na neno hilo hilo la siri ninalo mimi, analo yeye, analo mhasibu anayetoa ripoti, na analo kijana wa mafunzo aliyeondoka mwezi uliopita. Wiki jana nilikuta marejesho kumi na moja ya mikopo yamebadilishwa saa nne usiku, na kumbukumbu za seva zinaonyesha jina la root tu, kwa hiyo sina wa kumuuliza. Nataka kuzitenganisha akaunti, ila nahofia kubadilisha neno la siri, kwa kuwa sijui limeandikwa sehemu ngapi.

Seva Jinja:
Pole sana, ndugu. Anza na programu yenyewe: iundie akaunti yake, kisha uelekeze faili la mipangilio huko. Programu ya kupokea marejesho haina haja ya DROP (kufuta majedwali) wala ya kuunda watumiaji, na mtu akipenyeza amri kupitia fomu iliyoandikwa vibaya, ataishia pale ruhusa za akaunti hiyo zinapoishia. Kwa jedwali la miamala mimi hutoa SELECT (kusoma) na INSERT (kuingiza) tu, na muamala uliokosewa husahihishwa kwa kuingiza mwingine wa kuutengua, kama mhasibu afanyavyo daftarini. Angalia hapa, maana palinipotezea siku nzima: ukishatoa UPDATE (kubadilisha) kwa hifadhidata yote, MySQL haitakubali uiondoe kwenye jedwali moja, hivyo ruhusa hizo zitoe jedwali kwa jedwali tangu mwanzo.

Mhasibu apewe akaunti yake yenye SELECT peke yake, tena kwa majedwali ya ripoti tu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisifikiwe na asiyeruhusiwa, na namba za vitambulisho vya wanachama hazihitajiki katika ripoti ya mikopo.

Mlinzi wa Data:
Nakubaliana na Seva Jinja, isipokuwa mpangilio wa hatua. Usiku huu huu tazama jedwali la mysql.user, linaloorodhesha akaunti: ukiona root yenye alama ya asilimia upande wa mahali pa kuingilia (host), mtu anaweza kuingia kutoka mashine yoyote inayofikia mlango wa 3306, ule wa mtandao ambao MySQL hupokelea miunganisho. Ufunge mlango huo kwa nje kwanza. Hofu yako ya neno la siri nayo ina dawa: tangu toleo la 8.0.14 akaunti inaweza kuwa na maneno ya siri mawili kwa muda, ukitumia RETAIN CURRENT PASSWORD, kisha ukishahamisha kila sehemu unafuta la zamani kwa DISCARD OLD PASSWORD. Kumbuka pia kwamba ACCOUNT LOCK, amri ya kufunga akaunti, haikati muunganisho uliokwisha kufunguliwa. Utazame kwa SHOW PROCESSLIST, uukate kwa KILL.

Nakuomba kwa dhati usimtuhumu kijana yule. Kwa akaunti ya watu wanne hakuna ushahidi dhidi ya mmoja wao.

Fundi wa Mbale:
Ahsanteni sana. Root yenye alama ya asilimia nimeikuta, na mlango nimeufunga. Programu na mhasibu wana akaunti zao tangu jana. Imebaki kazi ya nakala rudufu ya saa nane usiku, ambayo bado inaingia kama root. Niipe ruhusa zipi?

Seva Jinja:
Kwa mysqldump, programu ya kutoa nakala rudufu ya MySQL, iundie akaunti yake uipe SELECT, LOCK TABLES, SHOW VIEW na TRIGGER. Tangu 8.0.21 itadai pia ruhusa ya PROCESS, usipoongeza chaguo la --no-tablespaces kwenye amri; mimi huliongeza. Kisha irejeshe nakala hiyo kwenye mashine nyingine uhesabu safu mlalo za jedwali la miamala, kabla hujalifuta neno la siri la zamani.