Nishani za mume wangu hazimo kwenye DD 214 yake, tuanzie wapi?

Mama Pendo

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu na makaratasi ya jeshi la Marekani, hasa Watanzania na Wakenya mliopita huko.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Alikuja Marekani kwa grinikadi ya bahati nasibu, mwaka 2003 akajiunga na jeshi la nchi kavu, wakamfanya dereva wa malori makubwa. Agosti 2005 mpaka Julai 2006 alikuwa Iraki. Walikuwa wanatoa mizigo Kuwait kupeleka Balad, misafara ya usiku. Mwaka 2007 akatoka jeshini kwa heshima zote.

Mwezi uliopita tumehama nyumba. Ndani ya sanduku la bati nikakuta cheti cha medali, ile ya pongezi wanayoiita ARCOM, kimefungwa ndani ya kitenge changu cha zamani. Nikamuuliza mbona hiki sijawahi kukiona. Akajibu, "Hayo ya zamani." Basi nikaichukua DD 214 yake, ile karatasi ya kutokea jeshini, nikasoma kisanduku cha 13, pale zinapoorodheshwa nishani. Nikakuta tatu tu: ya Ulinzi wa Taifa, ya Vita dhidi ya Ugaidi, na ule utepe wanaopewa wote wakishamaliza mafunzo. ARCOM haimo. Ya Iraki nayo haimo, na mtu kakaa Iraki miezi kumi na moja! Halafu kuna beji ya mapambano, CAB. Wenzake wawili wa lori la nyuma wanayo, kwa tukio lile lile la bomu la kando ya barabara. Yeye hana. Anasema karani aliyemtayarishia karatasi za kutoka alikuwa na haraka, na yeye alikuwa na haraka kumzidi karani, akasaini bila kusoma.

Sasa anataka kuomba kazi serikali kuu, na tumesikia wenye medali ya kampeni, yaani ya vita walivyotumwa kama hiyo ya Iraki, huongezewa pointi wanapopimwa waombaji. Mwenyewe anasema yaliyopita si ndwele, kama ni vyuma wakae navyo. Mimi nimegoma.

Tunaandika wapi? Kuna malipo? Na muda haujatupita kweli? Nawasilisha.

Kijana wa Mbagala

Medali zinaliwa mama? Pambaneni na kodi ya nyumba.

Mama Pendo

Haziliwi mdogo wangu. Pita tu.

Mangi wa Minnesota

Pole dada. Mimi nilisikia mafaili ya wanajeshi yaliungua St. Louis, kwenye hifadhi yao ya kumbukumbu, ndiyo maana wengi hawapati vitu vyao. Ulizia kwanza kama faili lake lipo, usije ukahangaika bure.

Karani Mstaafu

Dada, mimi nilikuwa karani wa utumishi humo humo jeshini. Kwa hiyo huyo mwenye haraka ni ndugu yangu wa kazi, namwombea radhi. Siku za watu kutoka kwa makundi unaandaa karatasi za watu thelathini, na kila mmoja gari linamngoja nje.

Nianze na moto wa Mangi. Ulitokea tarehe 12 Julai 1973, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu ulikula ya waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1, 1960. Shemeji wa 2007 hahusiki hata chembe.

Sasa tuje kwenye nishani. Umetaja tatu ukazitia kapu moja, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Ya Iraki mtu hapendekezwi na bosi wake. Anaistahili kwa kuwa alitumwa kule na akakaa. Mwambie shemeji asome kisanduku cha 18, cha maelezo. Kama Iraki imetajwa na tarehe za kwenda na kurudi, basi karatasi inajipinga yenyewe: chini inakiri alikuwepo, juu inamnyima medali. Ushahidi mwingine hauhitajiki sana, ingawa mimi ningeambatanisha na amri ya safari kama anayo. Na asisahau kuomba vile vinyota vidogo vya shaba vinavyobandikwa juu ya utepe kwa kila awamu ya kampeni aliyokuwepo. Watu huviacha mezani.

ARCOM kapewa, cheti unacho. Lakini ofisini cheti ni pambo la ukutani mpaka kiwe na namba ya amri. Tazama sehemu ya chini, utafute namba ya amri ya kudumu, tarehe, na kikosi kilichoitoa. Ukiiona, kazi imekwisha. Usipoiona, itafuteni fomu ya mapendekezo, DA 638, ndani ya faili lake.

Hizo mbili hazihitaji bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi wala wakili. Ni barua fupi kwenda HRC, makao ya utumishi yaliyopo Fort Knox, Kentucky, kitengo cha nishani, pamoja na nakala za ushahidi. NAKALA, dada. Asili isitoke nyumbani. Wakikubali watatoa DD 215, karatasi ya marekebisho. Msitegemee kuletewa 214 mpya iliyosafishwa. Ile ya zamani inabaki na makosa yake, 215 inakuwa kama kiraka, na popote atakapotoa moja lazima aitoe na ya pili.

CAB ni habari nyingine kabisa. Beji hiyo ilianzishwa Mei 2005, ikahesabiwa kurudi nyuma mpaka Septemba 18, 2001. Askari wa miguu na matabibu walikuwa na beji zao tangu zamani. Hii ikaja kwa madereva, mafundi, wapishi na sisi makarani, maana bomu la barabarani halimuulizi mtu kazi yake. Ila haiji kwa kukanyaga Iraki tu. Lazima ionekane kwamba siku fulani, mahali fulani, adui alishambulia na yeye alikuwepo hasa, kisha aombewe na amri itolewe. Kwa maelezo yako inaelekea hakuna aliyemwombea. Kwa hiyo hapo hakuna kosa la kurekebisha, kuna jambo ambalo halikufanyika, na barua lazima iandikwe hivyo. Ukiandika "mlisahau kuiweka" watakujibu hakuna amri, na kwa kweli haipo.

Watafuteni hao wenzake wawili. Kila mmoja aandike maelezo yake na kuyasaini: tarehe, barabara, lori la ngapi kwenye msafara, alimwona nani wapi. Halafu, na hii ndiyo dhahabu, waombeni nakala ya amri zao za CAB na masimulizi yaliyoambatana nazo. Tukio lile lile, tarehe ile ile, na jina la shemeji likitajwa kuwa kwenye lori la mbele, hapo mna kesi.

Nyar Kisumu

Karani amesema ukweli. Wacha niongeze langu, nililipia kwa muda. Mimi nilikuwa Reserve, jeshi la akiba, nikatumwa Afghanistan. Niliporudi nikaona kasoro, mtu akaniambia jaza DD 149, fomu ya kuomba bodi irekebishe, uende kwa bodi moja kwa moja. Nikajaza. Nikangoja miezi na miezi, kisha ombi likarudi: nenda kwanza kwa ofisi inayoweza kurekebisha yenyewe, ukikataliwa ndiyo urudi hapa. Sikuwa nimesoma maagizo ya fomu. Kosa langu.

Hata kabla ya barua, itisha faili lote. Aingie milConnect, tovuti ya jeshi, ama ajaze fomu ya SF 180 iende hifadhi ya St. Louis. Mimi ndani ya faili nilipata amri mbili ambazo sikujua ziko.

Na usilipe mtu. Kuna jamaa fulani kwa hizi mikutano zetu za wikendi aliniitisha dola 400 "anifuatilie". Watu wa DAV, VFW na American Legion, vyama vya wastaafu wa jeshi, wanasaidia bure, na kaunti nyingi ziko na afisa wa wastaafu wa jeshi anayelipwa mshahara kufanya kazi hiyo.

Mama Pendo

Asanteni sana. Karani, swali la muda hujanijibu. Nimesoma mahali kuna ukomo wa miaka 3.

Karani Mstaafu

Ukomo huo ni wa bodi, ile inayoitwa ABCMR. Miaka 3 tangu mtu alipogundua kosa, si tangu lilipotendeka. Na bodi ina ruhusa ya kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo. Kwenye DD 149 kuna sehemu ya kueleza sababu. Elezeni ukweli kwa mistari mitano, bila kulia. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10 na lolote lisizidi 18, kwa hiyo chai ya kungojea iwe ya chupa kubwa. Lakini kwa Iraki na ARCOM sidhani kama mtafika huko.

Malipo hakuna. Hata medali zenyewe, jeshi humpa mwenyewe seti ya kwanza bure.

Mzaramo wa Houston

Samahani dada kuudandia uzi wako. Mimi luteni wangu aliniambia ameniandikia medali ya Nyota ya Shaba (Bronze Star) 2004, ikapotelea njiani. Nami niandike Fort Knox?

Karani Mstaafu

Mkuu, yako ni ngumu. Pendekezo ambalo halikufika popote hupitia kwa mbunge wako wa Congress, kwa kifungu cha 1130 cha sheria za jeshi. Mtafute luteni aandike upya DA 638, aliyeona kwa macho yake au aliyekuwa mkubwa wako wakati ule. Bila yeye sikudanganyi, utachoka. Fungua uzi wako tuongee, huu tumwachie mama.

Bibi Posho

Mama Pendo, nafanya kazi kitengo cha ajira serikalini, na hakuna aliyekugusia lile la kazi. Pointi 5 hazitegemei medali peke yake. Aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, ukiacha mafunzo, na sehemu yoyote ya siku hizo ikaangukia kati ya Septemba 11, 2001 na Agosti 31, 2010, akatoka kwa heshima, anazo tayari. Mumeo ana miaka zaidi ya mitatu ndani ya kipindi hicho. Aambatanishe 214 aliyonayo aombe LEO. Matangazo mengine hufungwa ndani ya wiki, na barua ya Fort Knox haiendi kwa wiki.

Mama Pendo

Yesu wangu. Kumbe tulikuwa tunangojea kitu ambacho hakihitajiki. Tangazo linafungwa Ijumaa!

Mjukuu wa Keya

Nasoma huu uzi na wivu. Babu yangu alikuwa Keya, jeshi la King's African Rifles, alipigana Burma upande wa Waingereza. Tunazo medali zake, ipo na Nyota ya Burma, lakini zile za Vita vya Pili Waingereza walizitoa bila kuchonga jina. Ukoo wa pili nao una mzee wao wa Keya, na kila msiba wanadai hizo ni zake. Sisi tuna vyuma hatuna karatasi, nyinyi mna karatasi hamna vyuma. Andikeni dada.

Mama Pendo

Mrejesho wakuu.

Maombi ya kazi yameingia Jumatano usiku. Bibi Posho, Mungu akuzidishie.

Kisanduku cha 18 kimetaja Iraki na tarehe zote mbili. Chini ya cheti cha ARCOM namba ya amri ipo, imefifia kidogo kwenye mkunjo lakini inasomeka. Faili tumeliomba kupitia milConnect.

La CAB ndilo lilikuwa gumu. Mwenyewe hakutaka kuwapigia wenzake. Jumamosi nikamwekea simu mezani nikaenda jikoni. Nilipomaliza kukuna nazi nikasikia anacheka, halafu kimya, halafu anaongea taratibu sana. Wamezungumza saa mbili na dakika. Yule sajini anaishi Georgia, amri yake na masimulizi anazo zote, atatuma. Kumbe mle ndani mmeandikwa kwamba dereva wa lori la mbele ndiye aliyerudi na mnyororo kuwavuta, huku bado wanapigwa risasi. Dereva wa lori la mbele ndiye huyu mzee wangu. Miaka yote hii mimi nimeambiwa tu kwamba "gari liliharibika njiani".

Usiku huo hakulala. Kulala kwake kwenyewe siku zote ni kwa mang'amung'amu.

Karani Mstaafu

Masimulizi yakifika, hakikisheni jina lake limetajwa. Kama pameandikwa "dereva wa lori la mbele" tu, sajini aongeze maelezo yenye saini kwamba dereva huyo ni fulani.

Na la kulala, dada, lisingoje beji. Kliniki za VA, idara ya wastaafu wa jeshi, hazidai CAB mlangoni, na tangu 2010 kanuni zao zinatambua hofu ya mashambulizi yenyewe kuwa sababu ya maradhi ya akili ya baada ya vita, daktari wao akithibitisha. Yule afisa wa kaunti aliyemtaja Nyar Kisumu afungue na hilo siku hiyo hiyo.

Mama Pendo

Nimekuelewa afande. Swali la mwisho: barua ya Fort Knox nimeichapa mimi, kila kitu kipo. Naweza kusaini kwa niaba yake? Maana namjua, ataiweka mezani mpaka Krismasi.

Karani Mstaafu

Hapana. Mwenyewe yu hai na ana akili timamu, asaini mwenyewe. Wewe mwekee kalamu juu yake, kama ulivyoweka simu.